Kiti Kitupu cha Bwana Seif

Picha yangu ya kwanza ya kuagizwa hapa Mafia inaonyesha kiti kitupu. Aliyepaswa kuonekana ni Bwana Seif wa Kirongwe, aliyekuwa akienda kuhiji kesho yake. Mama yake, Bi Zuwena, alitaka kubaki na sura ya mwanawe.

Nilimketisha barazani nikamwambia asijitikise mpaka nihesabu thelathini, kwa kuwa kamera yangu hushika sura polepole, na asiyetulia haonekani. Kisha nikajifunika kitambaa cheusi, ingawa nilishamaliza kulenga na hakikuhitajika tena, ili tu nionekane fundi. Nikasikia majirani wakija kuagana naye. Sikukumbuka kwamba anayekwenda Makka huomba radhi kwa kila mtu, tena kwa kushikana mikono.

Nilipokwisha kuisafisha picha, nikampa Bi Zuwena kwa majivuno.

"Fundi," akauliza, "mwanangu umemficha wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bwana Seif akanishika mkono. "Nisamehe, fundi, niliinuka. Sitaki kusafiri na kinyongo cha mtu."

Kosa langu, radhi akaomba yeye! Namshukuru sana. Akaketi tena, ingawa jua lilikuwa linazama.

Sasa ameshasafiri. Picha ya pili imetoka nyeusi karibu yote. Bi Zuwena anaapa kwamba anaiona pua ya mwanawe. Mimi bado naitafuta.