Moto wa Nyumba ya Kupangisha

Nyangi wa Nyamwaga alipouza ng'ombe saba ili anunue nyumba ambayo hakukusudia kulala ndani yake hata siku moja, watu walisema jua la mnadani limempanda kichwani. Mwaka huo wa 1955 ng'ombe hakuwa mali tu. Ng'ombe alikuwa mke wa mtu ambaye bado hajaolewa, na Nyangi alikuwa amekwenda kumbadilisha na kuta.

Mumewe, Nyangwine, alikuwa amefariki akamwachia binti mmoja, Mokami, bila mtoto wa kiume. Mokami alipoolewa Itiryo, mahari yake ilijaza zizi. Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wa binti humwolea kaka yake mke. Na pasipo kaka, mama mwenyewe anaweza kuoa msichana, naye akazaa watoto wa kuitwa kwa jina la marehemu. Nyumba ntobu, ndivyo ndoa hiyo inavyoitwa. Nyamhanga, mdogo wake Nyangwine, alikuwa amekwisha kumpata msichana. Alichotaka kilikuwa kimoja, wala hakikuwa kibaya: jina la kaka yake lisipotee.

Nyangi alikwenda kumwona huyo msichana. Akamkuta ni mdogo kuliko Mokami, ameinamisha kichwa, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Nyangi akanywa uji aliokaribishwa, akashukuru, akarudi na moyo mzito. Alimpenda mumewe, na bado alikuwa anampenda. Lakini mtoto yule alikuwa amekosa nini?

Basi akanunua nyumba. Ilikuwa Tarime, nyuma ya soko alikouzia ndizi miaka mingi na kuwaona makarani wakihangaika kutafuta vyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwenye nayo alikuwa mchuuzi wa ngozi aliyekuwa anarudi kwao Musoma. Ilikuwa na vyumba viwili, baraza, na paa la bati ambalo mchuuzi alilisifu sana akiwa amesimama nje. Ndani ilikuwa habari nyingine. Kuta zilinuka ngozi mbichi, mlango ulishikiliwa na kamba, na lile bati lilikuwa limetoboka kila mahali.

Nyamhanga hakuja kuiona. Alituma ujumbe kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akanyamaza. Akanyamaza miezi minne. Hilo lilimuuma Nyangi kuliko maneno ya kijiji kizima, kwa sababu tangu msiba huyo ndiye aliyekuwa akimlimia shamba lake kila msimu kabla hajaligusa la kwake.

Fundi alikuwa Joram, Mjaluo wa Shirati, mtu mpole mwenye mikono mipana na uvumilivu uliojaribiwa vya kutosha mwaka ule. Nyangi hakujua ujenzi wa mjini, lakini hilo halikumzuia kuusimamia. Joram alitaka sakafu ya saruji. Nyangi alitaka udongo na samadi, kwa kuwa saruji, alisema, hula miguu ya wanawake. Walibishana siku tatu, wakaishia saruji barazani na samadi ndani, kila mmoja akiamini ameshinda. Kuta walizikwangua, wakazikandika upya, wakazipaka chokaa mara mbili hadi harufu ya ngozi ikakubali kuondoka.

Bati ndilo lililowapatanisha. Adhuhuri, jua likiwa utosini, Nyangi aliingia ndani akafunga mlango. Kila tundu likaonekana sakafuni kama tone la mwanga. Akalifuata tone, akainua mwanzi mrefu, akagonga bati hapo hapo, na Joram aliyekuwa juu akaziba kwa lami. Gonga, ziba, gonga, ziba. Walifanya hivyo adhuhuri tisa, na tone la mwisho lilipozimika Nyangi alicheka peke yake gizani kama msichana. Kwa nje paa lilikuwa na madoa kama ng'ombe, na yeye aliona limependeza.

Lami ikabaki kidogo kwenye kopo. Joram akamuuliza kama anataka jina lake juu ya mlango, kama wenye maduka wanavyofanya.

"Si langu," Nyangi alisema. "Andika Nyangwine."

Yeye hakujua kusoma, lakini kila alipofika alizitazama zile herufi nyeusi, na kila mpita njia aliyeuliza alimweleza nyumba ni ya nani, hata wale ambao hawakuuliza.

Mpangaji wa kwanza akapatikana: Stanslaus, karani kijana, na mkewe Bernadetha, mwenye mimba ya miezi minane. Stanslaus aliingia, akatikisa mlango mpya, akaridhika. Bernadetha alimwamkia Nyangi shikamoo, akasogea hadi kizingitini, akayatazama mafiga matatu masafi kule ndani. Kisha akauliza kwa adabu moto wa kwanza uliwashwa na nani.

Nyangi alikuwa amefikiria komeo, chokaa na hata ndoano ya kutundikia taa. Moto hakuufikiria kabisa. Kwa Wakurya, nyumba mpya huwashiwa moto na mwanamume wa ukoo wa mwenye nyumba, kwa kaa lililotoka nyumbani kwake. Mwanamke hazai penye mafiga baridi. Lakini miezi yote hiyo Nyangi alikuwa amejiambia kwamba hii si nyumba ya kukaa, ni nyumba ya kupangisha. Alisahau kwamba atakayepanga atakaa.

Stanslaus alicheka, akasema wao ni wabatizwa. Bernadetha alisema yeye pia amebatizwa, akaketi juu ya mzigo wake barazani. Mke wa Joram akamchukua akalale kwake, na Nyangi akashika njia ya Nyamwaga, akijua kwamba mpangaji huyu akiondoka, habari itaenea, na nyumba ya Nyangwine itakuwa gofu lenye chokaa.

Nyamhanga alimsikiliza akiwa anachonga mpini, bila kuinua macho. Nyangi alipomaliza kueleza yote, hata madoa ya bati, mpini ulikuwa umekonda mno.

"Sitakwenda kwa ajili yako," alisema. "Lakini mwanamke mwenye mimba haachwi nje ya nyumba ya kaka yangu."

Wakaondoka alfajiri. Nyamhanga alitangulia na kigae chenye makaa kutoka mafiga ya Nyangi, yamefunikwa majivu na samadi kavu, akiyapuliza kila walipovuka kijito. Nyangi alifuata nyuma. Walitembea hivyo mpaka jua likapita utosini na mabati ya Tarime yakaanza kung'aa.

Penye soko Nyamhanga akapotea, lakini hakutaka kumuuliza Nyangi. Akamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi, mgeni mwenye lafudhi ya mbali: nyumba yenye bati la madoa iko wapi?

"Kwa Nyangwine?" mwanamke akasema. "Pita hapo nyuma ya soko."

Nyamhanga hakupita. Alisimama na kigae chake mkononi, moshi ukimpanda usoni, akimtazama yule mwanamke ambaye hakuwahi kumjua kaka yake, wala kumwona, wala kuhudhuria msiba wake. Nyangi akageuza uso ili asimwone zaidi.

Moto ulishika mara moja. Nyamhanga alitaja majina ya baba zake taratibu, Bernadetha, aliyeitwa kutoka kwa Joram, akateleka sufuria ya maji, na moshi ukatoka chini ya bati lenye madoa. Kisha Nyamhanga akaizunguka nyumba, akabonyeza kuta, akasema bati la nyuma lina kutu na Joram aliangalie kabla ya masika. Chakula alikataa, alisema njia ni ndefu.

Nyangi alimsindikiza. Walipofika sokoni Nyamhanga akamsimamisha mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli, akamwamkia vizuri, akamuuliza nyumba yenye bati la madoa iko wapi.

"Kwa Nyangwine," mzee akasema, akionyesha walikotoka.

Nyamhanga akamshukuru, akashika njia ya nyumbani.