Nondo wa Mvumu wa Gashoho

Mwalimu wangu hakuwa na subira na watu, lakini kwa nondo alikuwa nayo tele. Chumba chake cha wadudu pale Gitega kilinuka dawa ya mende na chai iliyopoa. Msaidizi wake nilikuwa mimi peke yangu, msichana aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi Gashoho na mama amani ilipopatikana. Hata leo nikinusa chai iliyolala nakikumbuka chumba kile, na roho inaniuma kidogo.

Nondo wetu alitoka kwenye mvumu wa mama, ule mti wa jamii ya mkuyu uliopandwa na babu mbele ya nyumba. Kiwavi wake alikuwa anachimba ndani ya jani na kuacha njia nyeupe iliyopindapinda. Nilileta majani machache Gitega, na baada ya siku kadhaa akatoka nondo mmoja, mfupi kuliko punje ya mchele, mwenye mistari ya fedha mbawani. Mwalimu alipekua vitabu vyake vyote wiki nzima. Hakuna aliyewahi kumwandika.

"Ni jike," akasema bila kuinua macho. "Écoute, sikia, mi siwezi andika mdudu mupya na jike moja tu. Uniletee dume, ama tunafunga hii dosiye."

Mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu, na Gitega hapakuwa na mwingine wa kuiendeleza kazi ile. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyomtaka yule dume.

Nikaenda Gashoho, nikachuma majani ya mwisho yenye viwavi, nikayatia katika chupa nne na kuzifunika kwa kitambaa chepesi. Kazi ilikuwa inaniita Gitega, na safari ya kwanza ya gari ilikuwa imewaua viwavi wote ila yule mmoja, kwa hiyo nikamwachia mama. Nilimwambia aziweke kivulini tu.

Niliporudi baada ya wiki tatu, mama alinipokea kwa tabasamu la mtu aliyefanya jambo.

"Karibu, mwanangu. Majani yako nimeyalinda vizuri. Niliona vidudu vimeanza kutokea, nikayatilia majivu."

Majivu! Kama tunavyotia kwenye maharage ya mbegu, bungo wasiyatoboe. Chupa zote nne alizijaza mpaka shingoni, kwa mapenzi yake yote. Nilikaa kizingitini nikalia kama mtoto, na nikamwambia neno ambalo mpaka leo najutia: "Mama, umeniharibia maisha." Mimi ndiye ambaye sikumweleza kwamba nilichokuwa nataka ni vidudu wenyewe, wala si majani, na usilolijua ni kama usiku wa giza.

Mama aliingia ndani, akatoka na ungo na kitambaa cheupe. Akamimina majivu kidogo kidogo, akawa anayatawanya kwa unyoya wa kuku. Miaka yote ya kambini mama alikuwa akichambua maharage ya mgao, hata jiwe dogo namna gani halikumpita. Mimi, msomi mwenye cheti, sikuona kitu. Jua lilikuwa limeshauacha upande wa Tanzania na kuegemea magharibi, nami nilishakata tamaa, aliposema, "Hiki je?"

Kilikuwa nondo, mkavu, mbawa zimepukutika rangi yote. Nilimfunga kwenye karatasi nikapanda gari siku hiyo hiyo.

Mwalimu alilalamika kuhusu mbawa mpaka nikachoka. Kisha akalainisha ncha ya tumbo kwenye dawa, akainamia hadubini. Mwisho akanisogezea kiti nitazame: vishikio viwili vidogo, mfano wa koleo, ambavyo jike hana.

"Dume iko hapa," akasema, na kwa mara ya kwanza akanimiminia chai kwa mkono wake. Mbawa tulizichora kutoka kwa jike.

Andiko lilipochapishwa nililipeleka Gashoho, nikamtafsiria mama pale jikoni: rangi, mti wake, mahali anapopatikana. Akanikatisha.

"Hawakuandika alirudi lini?"

Sikumwelewa.

"Sisi kila karatasi ilituuliza," akasema. "Mlitoka wapi, mmerudi lini."

Nikamwambia hapana, mama, huyu hakuulizwa. Wameandika tu kwamba kwao ni Gashoho.

Akaweka mwiko chini, akaniambia nisome tena.