Ini Lake na Ini Langu

Kaka yangu ndiye wa kwanza nyumbani kwetu Buger kuvaa viatu. Alikwenda kreta, kwenye bonde la wanyama, kuwabebea wazungu mahema, akarudi na mabuti ya kamba nyekundu, akawa anayavaa hata machungani. Nikamwonea wivu hadi nikamchukia. Siku ya mnada Karatu, Mmasai mmoja wa Endulen, rika langu, akaniona natazama miguu ya watu badala ya ng'ombe. Akavua katambuga zake za tairi.

"Vaa, shore, utawameza watu miguu kwa macho."

Shore kwao ni rafiki. Akarudi kwao peku.

Basi kila akileta ng'ombe mnadani akawa analala kwangu, akiondoka nampa mahindi na maharage, maana kwao ni hifadhi, kulima wamekatazwa. Tukazeeka hivyo. Tukazeeka? Nilizeeka mimi. Yeye anaswaga ng'ombe kutwa, akifika bado ana nguvu za utani: "Mama, huyu mzee wako unamlisha nini?" Na mke wangu anacheka! Kicheko hicho mimi mara ya mwisho kukisikia ilikuwa kabla sijamaliza mahari.

Nikamuuliza siri yake. Akanipa magome ya mti. "Ukichinja, tia kidogo kwenye supu, na nyama na mafuta yake."

Sasa mimi nachinja lini? Krismasi. Nikaona huyu ananibania, hataki nimfikie. Nikachemsha magome matupu mpaka maji yakawa meusi tii, nikawa nakunywa asubuhi na jioni kama chai. Kumfikia tu sikutaka, nilitaka nimpite.

Macho yakawa manjano, mkojo kama kahawa. Alipokuja mnadani akanikuta hivyo, akatupeleka hospitali mimi na mke wangu. Kwenye kupimwa ini nikaogopa sindano, naye akanyoosha mkono: "Nitoeni na mimi damu, aone haiumi."

Majibu yakatoka. Lake zima. Langu limeumia, vitu vya ndani ya ini vimemwagika kwenye damu.

"Pombe unakunywa, babu?" daktari akauliza.

"Tangu kipaimara sijagusa."

"Na yake nimemnywea mimi," akadakia yule Mmasai. Watu wa kwenye benchi wakacheka, na mke wangu akacheka.

Daktari akasema virusi vya homa ya ini sina, anashuku magome. Niache kabisa, nirudi kupima. Nikiendelea, ini linaweza kufa na mimi nikiwa ndani.

Hapo nikamgeukia rafiki yangu. "Dawa umetoa wewe, lako zima, langu bovu! Umenipa sumu ubaki na nyumba yangu."

"Mzee, nilikuambia supu ya nyama."

"Nyama ipi? Wewe una ng'ombe, mimi nina maharage!"

Akabandua pamba mkononi, akaitupa kwenye ndoo, akaweka vizuri lubega lake, akachukua fimbo, akatoka. Nikadhani anakwenda kujisaidia. Mke wangu akachungulia mlangoni.

"Amepita geti," akasema. Hakucheka.

Ini limepona, nimepima tena, na macho ni meupe. Siku ya mnada mke wangu bado anapika chakula kingi. Lakini nasikia ng'ombe wake anauzia Loliondo siku hizi, na huko analala kwa mzee mwingine. Kwangu hajakanyaga tena.