Kunde za Mama na Majivu ya Nguzo

Mimi mkali, sikatai. Ukiwa afisa afya wa kata huku Handeni halafu ukawa mpole, watu watakukaribisha chai, watakuitikia vizuri, na ukigeuka tu wanaendelea na yao.

Mafundi wa umeme walipita kijijini kwetu wakisimika nguzo. Zilizozidi urefu walizikata, vipande wakaviacha kando ya barabara. Watu wakaviokota kwa furaha. Mti usioliwa na mchwa, nani auache? Wengi walipasua kuni. Hawakujua kwamba nguzo zile zimenyweshwa dawa yenye sumu, na kwamba moto hauimalizi. Nyingi inabaki kwenye majivu.

Na sisi Wazigua majivu hatutupi. Kunde zikishapukuchwa tunazichanganya na majivu ndani ya debe zisibunguliwe, za mbegu na za kula.

Maelekezo ya wilaya yalikuwa wazi: vipande visichomwe, vikusanywe kwenye stoo ya kijiji, lori lije livipeleke kwenye eneo lenye kibali. Majivu yake nayo vilevile, pamoja na chakula kilichohifadhiwa humo. Nikaanza nyumba kwa nyumba. Ya tatu ilikuwa ya jirani yetu mfugaji. Alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea fimbo yake, kisha akauliza, "Kwa mama yako umeshapita?"

Sikuwa nimepita. Nilikuwa nakwepa, nisiwe mwongo. Kuni za mama nilizijua, za nguzo zile zile, na kunde zake zilizolala kwenye majivu yake nilizijua zaidi. Mbegu ile alipewa na mama yake alipoolewa, na hajawahi kununua nyingine sokoni.

Nilimkuta jikoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kikazi?"

"Kikazi."

Akanisogezea kigoda. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja tu: "Nikizipepeta, nikaziosha mara tatu?"

"Hata mara kumi, mama. Hapana."

Ningeweza kumwachia kibaba kimoja cha mbegu, nani angejua? Lakini ningemwachia sumu mzazi wangu, halafu niende kwa mfugaji yule kumwambia nini?

Mama aliinuka bila kuniangalia, nikadhani amenichukia. Kisha akakaza kanga kiunoni, akajitwika debe la kunde, akashika njia ya stoo. Nikamfuata na kuni zake begani. Kisimani wanawake wakamsimamisha. Mmoja akasema, "Mama, unatupa mbegu ya wazee kwa sababu ya maneno ya ofisini?"

Mama hakulitua debe. "Mbegu nitaomba kwenu, mtanipa," alisema. "Huyu mwanangu mkimpuuza, heshima yake nitaiomba kwa nani?"

Nilifanya kazi ya serikali miaka mingi, nikasifiwa na wakubwa kwenye vikao. Sijawahi kujisikia mtu kama nilivyojisikia pale kisimani, nimebeba kuni za mama yangu.

Kabla jua halijazama mfugaji alifika stoo na punda wake, vipande vyote mgongoni, na nyuma yake watu wamepanga foleni hadi barabarani. Alitaka aandikwe wa kwanza, maana ndiye aliyetangulia mstarini. Nikamwonyesha daftari. Wa kwanza alikuwa ameshaandikwa, mama yangu.