Sekunde Arobaini za Bendera

Claudette Pelkey aliwapikia watoto wa shule ya Tarbell kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kumwona amekaa. Alipostaafu, mumewe alikuwa keshazikwa na mwanawe Wade ana nyumba yake, basi mama wa watu akabaki anazunguka jikoni kwake akifuta meza aliyokwisha kuifuta. Kila asubuhi alinipigia simu kunieleza hali ya hewa, kama vile mimi sina dirisha. Nikachoka. Nikamwambia njoo kituoni ujifunze kamera. Ni mimi niliyempeleka, na hilo silikwepi.

Kituo chetu cha televisheni kilikuwa chini ya jengo la zamani la zimamoto. Kampuni ya televisheni ya waya ilituachia wenyeji chaneli moja, na yeyote aliyemaliza mafunzo ya majuma matatu alikabidhiwa kamera. Mmoja alituonyesha nyuki wake, mwingine alisoma Biblia kwa sauti ya kulaza watoto. Lakini tulichotazama hasa ni mikutano ya baraza la mji. Usicheke. Jumatatu baraza linakaa, Alhamisi tunarusha mkanda, Jumamosi mji mzima uko jalalani na takataka zake, watu wanabishana nani alisema nini. Huko jalalani, kisichoonekana kwenye mkanda hakikutokea.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja ukutani: toka nyundo ya kwanza ya mwenyekiti hadi ya mwisho, kamera haizimwi, na inamfuata anayesema. Claudette aliishika sheria ile kuliko sisi tulioiandika. "Ni kugawa chakula tu," aliniambia. "Kila mtoto kijiko kimoja, hata yule mtukutu." Mjomba wake, enzi alipokuwa mjumbe wa baraza, alianza kusema kisha akasinzia katikati ya sentensi, na Claudette akamrekodi mpaka udenda ukagusa tai. Mzee hakumsemesha mwaka mzima.

Halafu ukaja ule Machi wa matope. Barabara zetu za udongo huyeyuka kila mwaka theluji inapoisha, lakini mwaka ule basi la shule lilizama mpaka mlangoni, na watoto wakatembea maili moja kwenye mvua ya barafu. Mkuu wa barabara alikuwa Wade. Mwenyekiti wa baraza, Harlan Stickney, akaweka kwenye ajenda hoja ya kumfukuza.

Wade alikuwa fundi mzuri na baba wa watoto wawili. Ila akiwa na miaka kumi na tisa alimvunja mtu taya nje ya ukumbi wa dansi, na Tarbell haisahau kitu. Tangu siku ile hakugusa pombe wala mtu.

"Leo nipe mimi kamera," nilimwambia Claudette. "Kaa nyumbani, shoga."

"Na sauti atashika nani?"

"Sauti itajishika yenyewe."

"Nimemrekodi mjomba wangu na udenda wake. Nikimkwepa mwanangu, jalalani watasemaje?"

Tukaenda. Wajumbe watatu, Stickney akiwa mmoja wao, walikaa nyuma ya meza, bendera pembeni, na watazamaji wanne viti vya nyuma. Claudette alisimama kwenye kamera katikati ya ukumbi, mimi nyuma yake na hedifoni masikioni. Stickney alikuwa ameegemea kiti chake kwa miguu miwili ya nyuma, mazoea yake ya siku zote.

Wade alijibu vizuri. Alisoma barua tano alizoomba changarawe na kunyimwa. Nikaanza kupumua.

"Changarawe hazina kosa," Stickney akasema. "Baba yako naye aliendesha greda la mji huku kalewa. Damu haipotei, kijana."

Mabega ya Claudette yalipanda. Wade akaiendea meza na karatasi zake mkononi. Sauti zilikuwa zimepanda mno, nikainamia mashine kuzishusha, na ndiyo maana sikuona. Nilisikia hatua, kishindo mezani, kiti kikianguka, kisha Stickney: "Mmeona? Kanisukuma huyu!"

Nilipoinua kichwa, Stickney alikuwa sakafuni na Wade kasimama, mikono mfukoni. Kamera ilikuwa inatazama bendera. Claudette alikuwa amefumba macho.

Mjumbe mmoja, shemeji yake Stickney, alisema kasukumwa. Wa pili, Bi Eunice Batchelder, alikuwa kainama anatafuta fomu. Watazamaji waliona mgongo wa Wade tu.

"Nimepiga karatasi mezani, kashtuka, kiti kikamtupa," Wade alisema, na alikuwa mtulivu kabisa. "Tunabishana nini? Mkanda upo. Mama alikuwa anarekodi."

Claudette alitoa mkanda, akaweka mpya kwenye kamera kwa kuwa nyundo ya mwisho ilikuwa bado, na ule wa kwanza akautia kwenye deki ya ukumbi. Watu wakasogeza viti. Wade alimkonyeza mama yake.

Picha ikaja. Barua, greda, damu haipotei, Wade anainuka. Halafu bendera. Hatua, kishindo, kiti, na bendera tu, sekunde arobaini nzima.

"Ule mguu wa kamera umelegea tangu Krismasi," nilisema. Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua. Nilimwachia mlango wazi kabisa.

Claudette alikuwa amerudi nyuma ya kamera yake. "Mguu haukulegea," alisema. "Nimeigeuza mimi."

"Kwa nini?" Stickney akauliza.

"Sikutaka mji umwone akipiga."

"Kwa hiyo umemwona akinipiga?"

"Sikuona. Nilifumba macho."

Stickney akaketi, safari hii kiti kwa miguu yote minne. Wade hakumtazama yeye, alimgeukia mama yake.

"Mama," alisema. "Ulidhani ningempiga?"

Kura zilikuwa mbili kwa moja. Bi Batchelder peke yake alikataa. Kibarua cha Wade kikaota nyasi, na kabla ya kiangazi alihamisha watoto akaenda kuchonga barabara za mji mwingine. Nimesikiliza mkanda ule mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Karatasi zinapiga meza kwanza, kiti kinaanguka baadaye, na kati yake hakuna sauti ya mkono kugusa nguo. Nilimpelekea Stickney. Akaniambia sauti si picha.

Alhamisi ya juma lile la kura Claudette alikuja mwenyewe kituoni. Nilimwambia hakuna atakayetulaumu tukiuweka mkanda kabatini. Akanitazama kama vile mimi ni mtoto wa kuomba kijiko cha pili, akausukuma kwenye deki, na tukaurusha wote, bendera na kila kitu.

Mwisho wa mkanda wa pili Wade yumo, anauliza swali lake. Hakuna aliyesema baada yake, kwa hiyo kamera ilibaki kwake, kama sheria inavyotaka. Anasubiri. Anatazama juu kidogo ya lenzi, pale palipo uso wa mama yake. Claudette safari hii hakufumba macho wala hakugeuza kitu. Dakika nzima kamera haikumtoka mwanawe.