Uso Ndani ya Povu

Dada yangu mkubwa alikuwa akitengeneza mafuta ya kujipaka na kuyauza sokoni Kitale. Mimi nilifundisha kemia Bungoma, na miaka ile ya elfu mbili nilienda kwake kila shule zilipofungwa. Shida yake ilikuwa moja: baada ya wiki mbili mafuta yalielea juu, maji yakabaki chini, wateja wakarudisha chupa.

"Ati nawauzia supu," aliniambia. "Wewe si mwalimu? Nisaidie."

Nilikuwa nimesoma kwamba gesi ya kaboni, ile ya kwenye soda, ikishindiliwa ndani ya mchanganyiko kisha ikafunguliwa ghafla, huyapasua mafuta yakawa matone madogo sana, na kila kitu hutoka povu. Dada akanunua mitungi ya gesi na chombo kizito cha chuma kwa mtu aliyefunga biashara ya soda. Tukaviweka stoo, chumba kisicho na dirisha, ngazi tatu chini ya ua.

Tulitia maji, mafuta na nta iliyoyeyushwa, tukajaza gesi, tukatikisa. Nilipofungua koki, povu lilitoka kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Lilikuwa baridi kama barafu, kwa sababu gesi ikitoka hupoza, na nta ikaganda humo humo. Siku ya tatu lilikuwa bado limesimama. Dada alilibonyeza kwa kidole. Tundu halikujifumba.

"Silipendi," alisema. "Povu hufa. Hili halitaki kufa."

Nilimcheka, nikaendelea peke yangu, beseni baada ya beseni, mlango umerudishwa nisisumbuliwe na vumbi. Mchana kuku wake aliusukuma mlango akaingia, akashuka ngazi, akaketi, akainamisha kichwa. Nilidhani amesinzia. Nikapiga magoti nichote povu kwenye beseni lililokuwa sakafuni. Pua ikawasha kama soda imenipalia. Nilihema haraka haraka, na hewa haikutosha. Cha mwisho nilichoona ni weupe ukinijia karibu.

Nilizinduka uani, dada akinipiga mashavu huku analia.

"Si uliniitikia!" alisema. "Nilikuita chakula, ukaitika. Mara mbili."

"Niliitika?"

"Sauti yako kabisa. Halafu kukawa kimya, nikaja. Nimekukuta kifudifudi, uso ndani ya beseni."

Alikuwa amebana pumzi akanivuta kwa miguu. Jioni, mlango ukiwa wazi, tulishusha mshumaa uliofungwa kwenye ufito. Ulipofika usawa wa ngazi ya pili mwali ulizimika, taratibu, kama umebanwa na vidole. Hapo nikaelewa: gesi ile ni nzito kuliko hewa, na nilikuwa nimekijaza chumba kama kisima.

Kesho yake, mlango ukiwa umelala wazi, mshumaa uliwaka hadi sakafuni. Tukashuka. Kuku alikuwa ameketi vile vile, amekufa, amekakamaa. Na ndani ya beseni ulikuwepo uso wangu: paji, pua, macho yaliyofumba, mdomo wazi kama katikati ya neno. Dada aliufunika kwa leso, akauzika nyuma ya shamba la mahindi.

Tulihamishia kazi barazani, kwenye upepo. Mafuta hayakutengana tena, na wanawake wa Bungoma wakaanza kuniagiza. Niliwapelekea kila muhula. Mimi mwenyewe sikujipaka hata siku moja. Kuhusu kuitika, dada hajawahi kubadilisha maneno yake, nami niliacha kumuuliza.