Mkaazi wa Jericho Asiyenunua Mboga

Juzi nilikuwa sokoni mtaani kwetu Jericho nikikatiwa mboga ya sukuma wiki. Simu ya mama mboga ilikuwa imeegemezwa kwenye nyanya, na kila akikata kidogo, alisimama kuisoma.

"Ona huyu," akaniambia. "Anaandika kwenye ukurasa wa mtaa soko letu libomolewe lijengwe jipya, eti yeye ni mkaazi wa hapa. Ameficha jina, lakini mimi namjua." Akaelekeza kisu kwa mama wa viazi, meza ya pili. Walikuwa hawajasalimiana wiki nzima.

Msichana aliyesimama nyuma yangu akamwambia mama mboga, "Mathe, hebu muulize yeye hununua mboga kwa nani."

Mama mboga akaandika. Jibu likaingia kabla hajashika kisu tena: "Asante kwa maoni yako. Soko jipya ni maendeleo kwa wote."

Akaandika kwa hasira: "Nyumba yako inaungua!"

"Asante kwa maoni yako. Soko jipya ni maendeleo kwa wote."

"Huyo si mtu," msichana akasema. "Ni kompyuta imewekwa ijibu hivyo."

Mama mboga akaketi juu ya gunia, mkono mdomoni. "Woi! Na vile nimemnunia jirani yangu!"

Kutoka meza ya pili, mama wa viazi akasema polepole, "Mimi nilidhani ni wewe."

Kitu chenyewe hakijawahi kununua hata kitunguu Jericho. Lakini kabla tingatinga halijafika, kilikuwa kimeshawatenganisha wanawake wawili ambao wangesimama pamoja kulizuia.